Kupunguza Mafuta na Kujenga Misuli kwa Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Uganda

Wengi wanaoshindwa kuondoa kitambi hawashindwi kwa uvivu. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, wanaacha chakula cha usiku, wanakunywa maji ya ndimu, na baada ya miezi miwili mizani inasema wamepungua kilo 6. Wakijitazama kwenye kioo, mikono imekonda, uso umesinyaa, na kitambi bado kipo. Sehemu ya kilichoondoka ni maji na misuli, si mafuta peke yake. Wakirudi kula kama zamani kilo zinarudi, lakini misuli hairudi nazo.

Mwili unaokosa chakula hauna sababu ya kutunza misuli isiyofanya kazi. Ukiupa kazi nzito mara tatu kwa wiki, na protini ya kutosha, unalazimika kuitunza. Kwa mtu ambaye hajawahi kunyanyua vitu vizito kwa mpangilio, unaweza hata kuijenga huku mafuta yanaungua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walitoa matokeo ya vijana wa kiume waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 kwa wiki 4 huku wakifanya mazoezi makali. Waliokula protini nyingi, gramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli ikabaki karibu pale pale.

Huna haja ya kujinyima kwa ukali huo. Mwongozo huu ni wa wiki 12, kwa chakula cha soko la kawaida na majerikani ya nyumbani.

## Nani aonane na daktari kwanza

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, kwa sababu kupunguza wanga na kufanya mazoezi kunaweza kushusha sukari ghafla. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa figo, selimundu, ngiri, au aliyewahi kubanwa kifua akipanda mlima. Mjamzito na anayenyonyesha wasifuate sehemu ya kupunguza chakula hata kidogo.

Ukiwa na homa, usifanye mazoezi. Pima malaria, jitibu, na ukipona anza tena na nusu ya uzito uliokuwa ukibeba, kwa wiki moja.

## Vitu vya kuandaa

- Jerikani 2 za lita 20, 2 za lita 10 na 2 za lita 5, zote na vifuniko visivyovuja.
- Chupa ya lita 1 ya kupimia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una mizani ya mazoezi bila kununua chuma.
- Kipande cha kitenge cha kuzungushia mkono wa jerikani, usikate viganja.
- Benchi au ngazi imara ya kimo cha goti.
- Tepu ya fundi cherehani.
- Daftari na kalamu. Wanaoacha kuandika ndio huwa wa kwanza kukata tamaa, kwa sababu hawaoni walikotoka.
- Mizani ya kupimia watu, kama unaipata. Ukitumia ya barabarani, tumia ile ile kila mara. Mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kilo 2 nzima.

Kama una jimu karibu, mazoezi ni yale yale kwa dambeli na vyuma. Lakini usisubiri pesa ya jimu ndipo uanze.

## Hatua ya 1: Jipime kabla ya kubadili chochote

Asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, zungusha tepu usawa wa kitovu. Simama wima, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Tepu iguse ngozi bila kuibana, na iwe usawa mmoja mbele na nyuma. Ikishuka mgongoni vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Pima mara tatu, andika kipimo cha kati.

Andika pia uzito na urefu wako, kisha piga picha ya mbele na ya ubavuni mahali penye mwanga wa dirisha. Rudia kiuno na uzito kila wiki siku ile ile, na picha kila baada ya wiki 4.

Lengo la afya ni rahisi kukumbuka: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 alenge chini ya 85.

Onyo: usijipime uzito kila siku kama unavunjika moyo haraka. Chumvi ya jana, hedhi, choo na misuli iliyovimba kwa mazoezi mapya vinaweza kuongeza kilo moja au mbili ambazo si mafuta. Kwa anayejenga misuli, tepu husema kweli mapema kuliko mizani.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya protini

Chukua urefu wako kwa sentimita, toa 100, zidisha kwa 1.6. Mwenye sentimita 170: 70 × 1.6 = gramu 112 kwa siku. Mwenye 158: 58 × 1.6 = gramu 93. Tunatumia urefu kwa sababu mafuta ya ziada hayahitaji protini. Mtu wa kilo 110 akihesabu kwa uzito wake wote atapata namba asiyoweza kuila wala kuilipia.

Gramu hizi ni za protini iliyomo ndani ya chakula, si uzito wa chakula. Vipimo vya karibu vya vyakula vya hapa:

- Yai 1: gramu 6.
- Maziwa au bongo (maziwa ya mgando), nusu lita: gramu 16.
- Maharage yaliyoiva, kikombe kimoja kikubwa bila mchuzi: gramu 15.
- Mukene (dagaa) mkavu, konzi moja kubwa (gramu 30): gramu 15 au zaidi.
- Ngege (sato) wa nusu kilo, mzima: hubaki na nyama ya kama gramu 200, yaani gramu 40.
- Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, robo kilo mbichi: gramu 50.
- Maini, gramu 100 mabichi: gramu 20.
- Soya kavu, gramu 50: gramu 18.

Mukene ndiye mkombozi wa mwenye kipato kidogo, na inasikitisha kwamba nyumba nyingi humchukulia kama chakula cha kuku. Tatizo lake ni mchanga. Nunua waliokaushwa juu ya nyavu au vichanja, si chini. Kata vichwa kama huvipendi, waoshe kwa maji vuguvugu mara tatu hadi chini ya beseni pasibaki chembe, kisha wakaange bila mafuta kwa dakika 5 kwenye sufuria kavu ndipo uweke nyanya na kitunguu. Harufu kali hupungua sana.

Sasa mtego mkubwa wa jikoni kwetu: mchuzi wa karanga. Watu huuhesabu kama protini. Gramu 30 za karanga zilizosagwa zina protini gramu 7 na kalori 170 hadi 180, na hizo nyingi zinatoka kwenye mafuta. Sahani ya matoke iliyomwagiwa upawa mbili za binyebwa (mchuzi huo wa karanga) inaweza kubeba kalori 400 za mchuzi peke yake. Usiuache, bali pakua vijiko vikubwa 2 na uweke samaki au maharage pembeni. Ovakado nayo vivyo hivyo: chakula kizuri, lakini robo yake inatosha kwa mlo.

Dalili ya kufaulu: kwa siku 5 kati ya 7, daftari linaonyesha umefikia angalau asilimia 90 ya gramu zako. Njaa ya saa nne usiku nayo itapungua, kwa sababu protini hushibisha kuliko posho (ugali).

## Hatua ya 3: Panga sahani bila kuhesabu kila punje

Unataka kula pungufu kidogo tu, kama kalori 300 hadi 500 chini ya unazotumia kwa siku. Ukizidisha, nguvu za mazoezi zinaisha na mwili unaanza kula misuli. Kwa mtu mzima wa kawaida, sahani hii inatosha kukufikisha:

Nusu ya sahani iwe mboga: dodo (mchicha), nakati, sukuma, kabichi, biringanya. Robo iwe protini. Robo iliyobaki iwe wanga, kipimo chake ngumi yako moja ya posho, wali, kalo (ugali wa ulezi) au muhogo, au vidole 3 vya matoke. Chukua wanga wa aina moja. Desturi ya kuweka matoke, wali, posho na viazi kwenye sahani moja, hasa harusini na kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa familia), ndiyo inayopandisha chakula bila mtu kujua.

Siku moja ya mfano kwa mwenye lengo la gramu 112:

Asubuhi. Mayai 3 ya kuchemsha, chai yenye robo lita ya maziwa bila sukari, kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi. Protini gramu 26.

Mchana. Kikombe cha maharage, konzi ya mukene, vidole 3 vya matoke, dodo nyingi. Gramu 30.

Saa kumi na moja jioni. Nusu lita ya bongo. Gramu 16.

Usiku. Ngege wa nusu kilo wa kuchemsha au kuchoma, posho ngumi moja, sukuma. Gramu 40.

Pamoja na vijiko vikubwa 2 vya mafuta kwa siku nzima, hii ni takribani kalori 2,200. Mwanamke wa sentimita 158 aondoe kiazi cha asubuhi, apunguze kidole 1 cha matoke, anywe robo lita ya bongo badala ya nusu. Atakuwa karibu na 1,800 na bado amevuka protini yake.

### Mahali kalori zinapojificha

Mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120, na mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu huweka vijiko 6 bila kufikiri. Pima kwa kijiko. Hili peke yake limewapunguza watu viuno.

Chai. Vijiko vidogo 3 vya sukari kwa vikombe 4 ni karibu kalori 190 kwa siku. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi unazoea.

Soda ya nusu lita ina kalori kama 200, bia ya nusu lita vivyo hivyo. Waragi haina sukari lakini ina kalori nyingi, na usingizi wa pombe haujengi misuli.

Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Yenye chapati 2 na mayai 2 hupita kalori 700, na protini yake haifiki 30. Mwambie muuzaji akupe chapati 1, mayai 3, nyanya na kabichi nyingi, na mafuta kidogo kwenye kikaango. Hapo unakuwa na mlo unaofaa. Kikomando kinafaa pia ukigeuza kipimo: chapati nusu, maharage sahani nzima.

Linaloharibika mara nyingi: mtu anaacha wanga wote wiki ya kwanza, anapungua kilo 3 za maji, anafurahi, halafu wiki ya pili miguu inatetemeka akichuchumaa na anaishia kula mandazi 6 jioni. Kula ngumi yako ya wanga, hasa mlo ulio kabla ya mazoezi.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya siku tatu

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Au siku zozote tatu zisizofuatana. Dakika 45 zinatosha. Fanya Siku A, kisha B, kisha A. Wiki inayofuata anza na B.

Pasha mwili dakika 5: tembea haraka, zungusha mabega na nyonga, kisha fanya seti moja nyepesi ya kila zoezi bila maji (seti ni marudio yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika). Kati ya seti pumzika dakika 2, na kwa ya miguu hadi 3. Ukipumzika sekunde 30 utatoka jasho jingi, lakini misuli haitabeba uzito wa kuilazimisha ikue.

Kila seti iishe ukiwa umebakiza marudio 2 ambayo ungeweza kufanya kwa umbo zuri, yaani mkao sahihi wa zoezi. Ukiishia pepesi mno, misuli hujengeka kidogo. Ukifika mwisho kabisa kila seti, viungo vinachoka kabla ya misuli.

### Siku A

Kuchuchumaa na jerikani kifuani: seti 3, marudio 8 hadi 12. Kumbatia jerikani ya lita 10, viwiko vikiwa chini yake. Miguu upana wa mabega, vidole vya miguu vikitazama nje kidogo. Vuta pumzi, kaza tumbo kama unayetarajia kupigwa ngumi, kisha kaa chini katikati ya visigino hadi mapaja yawe sambamba na ardhi au chini zaidi. Magoti yafuate upande wa vidole vya miguu. Panda ukisukuma ardhi kwa nyayo nzima.

Visigino vikinyanyuka, weka ubao mwembamba chini yake kwa wiki chache za mwanzo. Magoti yakiingia ndani wakati wa kupanda, uzito umezidi: mwaga lita 2.

Pushapu: seti 3, marudio 6 hadi 12. Kama hufiki 6 chini, weka mikono kwenye ukingo wa benchi au meza nzito iliyoegemezwa ukutani. Usipige magoti chini. Kwa benchi unajifunza kukaza mwili mzima, na kila wiki unaweza kushuka kwenye kitu kifupi zaidi. Viwiko vibaki nyuzi kama 45 kutoka mbavuni, visipanuke kama mabawa.

Kuvuta jerikani kwa mkono mmoja: seti 3, marudio 8 hadi 12 kila upande. Mkono mmoja na goti juu ya benchi, mgongo umenyooka sambamba na sakafu. Vuta jerikani kuelekea kiunoni, si kifuani, tulia sekunde moja juu, shusha polepole. Kiwiliwili kikizunguka ili kusaidia, punguza maji.

Planki (kujinyoosha kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu): seti 3, sekunde 20 hadi 45. Kaza makalio. Kiuno kikianza kulegea, seti imeisha hata kama muda haujafika.

### Siku B

Kupinda nyonga na majerikani mawili: seti 3, marudio 8 hadi 12. Hili ndilo zoezi linalokosewa kuliko yote, na likikosewa linaumiza mgongo. Simama hatua moja mbele ya ukuta, ukiupa mgongo. Legeza magoti kidogo na usiyaongeze kukunja. Sukuma makalio nyuma hadi yaguse ukuta. Kifua kitashuka chenyewe. Majerikani yateleze karibu kabisa na mapaja. Shuka mpaka uhisi nyuma ya mapaja imevutika, kwa wengi ni chini kidogo ya magoti, kisha rudisha nyonga mbele ukibana makalio.

Wiki ya kwanza fanya bila uzito, ukuta ukiwa mwalimu wako. Ukihisi kazi yote kwenye kiuno cha nyuma na mapaja hayahisi kitu, umeinama badala ya kupinda nyonga.

Kusukuma juu ya kichwa: seti 3, marudio 8 hadi 12. Jerikani za lita 5, moja kila mkono, au moja ya lita 10 kwa mikono miwili. Bana makalio, mbavu zisitokeze mbele. Kagua vifuniko kabla ya kunyanyua.

Kupanda benchi mguu mmoja: seti 3, marudio 8 hadi 10 kila mguu. Mguu wa juu ufanye kazi yote; wa chini usirukie. Shuka kwa sekunde 3.

Kujivuta kwenye chuma, kama kipo. Anayeanza aruke hadi kidevu kipite chuma, kisha ashuke kwa sekunde 5, marudio 4 hadi 5, seti 3. Usining'inie kwenye goli la mpira ambalo halijafungwa ardhini: huanguka na kuua. Pasipo na chuma salama, rudia zoezi la kuvuta jerikani.

Kubeba majerikani: mita 30 hadi 40, mara 3. Moja kila mkono, mabega nyuma, hatua fupi. Wengi wamekua wakichota maji, lakini kwa jerikani moja upande mmoja. Hapa ziwe sawa pande zote.

Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida, na hupungua sana baada ya wiki 2. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, au kubanwa kifua: simama hapo hapo, utafute matibabu. Mkojo ukigeuka rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi mazito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo.

## Hatua ya 5: Ongeza maji kwa kanuni

Hapa ndipo misuli inapojengwa, na hapa ndipo wengi husahau. Mtu anafanya pushapu 20 zile zile na jerikani ile ile miezi mitano, halafu anasema mwili wake haukui. Mwili ulishamaliza kuzoea wiki ya tatu.

Chagua maji ya kuanzia hivi: kwa kuchuchumaa weka lita 8. Ukifika marudio 12 na ungeweza kuendelea hadi 20, ongeza. Ukikwama kwenye 6, mwaga. Andika lita kwenye daftari, na uchore mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa jerikani ili kesho usikisie.

Kisha fuata kanuni moja. Siku utakayomaliza seti zote 3 kwa marudio 12 ya umbo zuri, mara inayofuata ongeza lita 1 kwa mazoezi ya mikono na lita 2 kwa ya miguu. Marudio yatashuka hadi 8 au 9. Vizuri, anza kupanda tena kuelekea 12. Kwa pushapu, badala ya maji, shusha mikono. Ukifika sakafuni na 12 zimekuwa rahisi, vaa begi la shule lenye mchanga uliofungwa kwenye kavera (mifuko ya plastiki) mbili.

Jerikani isiyojaa hutikisa maji na kukuyumbisha, hasa juu ya kichwa. Ndiyo maana ukubwa tofauti unahitajika: lita 5 kamili kwenye jerikani ya lita 5 hutulia, lita 5 kwenye ya lita 20 hukuvuta huku na huku. Ukipita uwezo wa maji, mchanga mkavu una uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya maji kwa ujazo ule ule, lakini mkono wa jerikani ya zamani unaweza kukatika. Jaza mchanga kwenye jerikani mpya tu, na usiuinue juu ya kichwa.

Dalili ya kufaulu: kufikia wiki ya 6, kuchuchumaa kumepanda kwa lita 4 au zaidi, au marudio yameongezeka wazi kwa uzito ule ule. Hii ni kweli hata kama mizani haijasogea.

## Hatua ya 6: Tembea na ulale

Siku zisizo za mazoezi tembea haraka dakika 30 hadi 40, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wanaopanda boda boda au taksi kwa kila safari ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kupata faida hapa: shuka vituo viwili kabla. Kukimbia si kubaya, ila mara 2 kwa wiki zinatosha, na si asubuhi ya siku ya mazoezi.

Lala kwa muda wa saa 7 hadi 8. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha jaribio dogo la watu waliokuwa wakipunguza uzito. Walipopewa nafasi ya kulala kwa muda wa saa 5 na nusu walipungua kilo karibu sawa na walipopewa muda wa saa 8 na nusu, lakini sehemu ya mafuta katika kilo hizo ilishuka kwa zaidi ya nusu. Sehemu nyingine ya kilo hizo ilikuwa mwili usio na mafuta. Mlinzi wa usiku au muuguzi wa zamu asiyeweza kulala usiku afunge pazia mchana na alale mfululizo, si vipande vipande.

## Hatua ya 7: Soma daftari kila wiki 3

Usibadili chochote kwa wiki moja mbaya. Baada ya wiki 3 angalia mambo mawili tu, kiuno na lita.

Kiuno kimeshuka na lita zimepanda: usiguse kitu.

Kiuno hakijashuka, lita zimepanda: ondoa ngumi moja ya wanga kwa siku au vijiko 2 vya mafuta. Kabla ya hapo, hakikisha kijiko cha mafuta kinapimwa kweli, wala si siku za kazi peke yake.

Kiuno kinashuka haraka na lita zinashuka pia: unakula kidogo mno. Rudisha ngumi moja ya wanga. Kupungua zaidi ya asilimia 1 ya uzito kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kunagharimu misuli.

Vyote vimesimama: mara nyingi ni usingizi au protini. Soma siku zako 10 zilizopita kwa uaminifu kabla ya kuongeza mazoezi.

Mwanamke asiogope kwamba misuli itamfanya awe na mwili wa kiume. Homoni zake hujenga misuli polepole, na atakachoona kwanza ni nguo kulegea kiunoni. Na hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumbo. Mafuta hutoka mwili mzima, na kwa wanaume wengi kitambi ndicho cha mwisho kuaga.

## Mwezi wa Ramadhani

Punguza kila zoezi hadi seti 2, usiongeze maji ya jerikani, na fanya saa moja au mbili baada ya futari. Daku iwe na mayai, maharage au bongo, si chai na mkate tu. Futari ianze kwa tende na maji, kisha samaki au nyama kabla ya sambusa na uji wa sukari. Ukimaliza mwezi bila kupoteza lita zako, umefanya vyema sana.

## Vidonge, unga na sindano

Unga wa protini ni chakula tu; kama mayai na mukene vinakufikisha, huuhitaji. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, husaidia nguvu kidogo kwa mtu mwenye figo nzima, na itaongeza maji ya misuli kwenye mizani. Kaa mbali na chai za kupunguza tumbo, ambazo nyingi ni dawa za kuharisha, na kujifunga plastiki tumboni, kunakotoa jasho pekee. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri huweza kuwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi: huvimbisha uso, hupandisha sukari na huvunja misuli unayoitafuta. Sindano za homoni hukausha mbegu za kiume.

## Baada ya wiki 12

Pima kiuno. Kama bado kiko juu ya nusu ya urefu wako, chukua wiki moja ya mapumziko: maji ya jerikani nusu, seti 2, chakula cha kawaida bila kupunguza. Kisha anza wiki 12 nyingine kutoka lita ulizofikia.

Kama kimeshuka chini ya nusu, ongeza ngumi moja ya wanga kwa siku na uendelee na kanuni ile ile ya maji. Jerikani ya lita 20 ikijaa kwa kuchuchumaa na bado unafika 12, shusha kwa sekunde 4 kila rudio, au weka mguu wa nyuma juu ya benchi na uchuchumae kwa mmoja, ukianzia lita 6.